Kubeba bia na soda kutoka Mbeya: jibu kwa anayetaka kuacha safari za Kongo

Mdogo wangu, umeuliza kama ni busara kuacha safari za Kongo ukashike semi ya vinywaji inayopakia kiwandani Iyunga, Mbeya, na kushusha Makambako, Njombe, Kyela, Tunduma mpaka Sumbawanga. Walionitangulia wamekujibu kuhusu posho na kulala nyumbani. Nimebeba shaba ya Kongo, nimebeba vinywaji kwa miaka mingi zaidi, na naona hakuna aliyegusa kinachomla dereva kwenye kazi hii: chupa tupu.

Ukibeba saruji, ukishashusha umemaliza. Chupa za kioo haziko hivyo. Kreti la bia lenye chupa 20 za nusu lita lina kama kilo 20, na karibu nusu yake ni kioo na kreti lenyewe. Kreti 1,000 zikienda zimejaa ni tani 20 hivi. Zikirudi tupu bado unavuta kama tani 10, na kila chupa humo ni mali ya mtu. Umezipokea wewe kwa saini yako, mara nyingi usiku, kwenye stoo ya wakala, mwili ukitaka kulala.

Hapo ndipo watu wanapoumia. Makuli wanapakia mbio kwa sababu wanalipwa kwa gari. Mwenye stoo anataka kufunga. Kreti la katikati ya safu lina mapengo mawili, jingine lina chupa iliyobanduka mdomo, jingine limechanganywa na chupa za kampuni nyingine, na ukiwa Tunduma utakuta hata zilizovuka kutoka Zambia. Ukitazama kwa haraka, yote yamejaa. Kiwandani yanahesabiwa upya, chupa isiyo yao haipokelewi, na kinachopungua kinaandikwa shoti. Kampuni moja niliyoifanyia kazi ilikuwa inakata shoti yote kwenye mshahara wa dereva, wakala haulizwi neno. Nimemwona mwenzangu, mtu makini sana barabarani, akipokea mwisho wa mwezi hela isiyotosha kodi ya nyumba kwa sababu ya chupa ambazo hakuzivunja wala hakuziuza. Bado linaniuma.

Kwa hiyo mimi nilishika utaratibu mmoja na sikuuacha. Utingo anasimama juu kwenye tela, mimi chini, na kila kreti linapita mbele ya macho yetu kabla halijapangwa. Lenye pengo linawekwa pembeni: wakala alijaze, au idadi kwenye hati ipunguzwe. Marekebisho yanaandikwa kwenye nakala zote, na mwenye stoo anasaini pembeni yake, ndipo nami nasaini. Makuli watanuna, na mwenye stoo atakwambia madereva wengine hawana maneno mengi. Mwache aseme. Kama giza limeingia na taa haitoshi, lala hapo upakie asubuhi.

Mzigo wenyewe barabarani si mgumu kama watu wanavyotisha, ila una masharti yake. Ukiupanga bila kuacha nafasi, ukakaza mikanda, chupa hazisemi kitu. Ukiona matuta ya Igurusi au Chimala yanaanza kuleta mlio wa kioo ambao haukuwepo ulipotoka, simama ukaze, kwa sababu safu imeshalegea na kona inayofuata itaimwaga. Bia za kopo hazilii hivyo. Zinasuguana kimyakimya mpaka kopo linatoboka, na moja likivuja linalowesha boksi zote za chini. Turubai usilichukulie la mvua tu, hata jua ni adui: mwanga unaharibu ladha ya bia, hasa ya chupa ya kijani au nyeupe.

Kuhusu miteremko naomba unisikilize kwa makini. Ukitoka Iyunga kwenda Tunduma, unakutana na Iwambi ukiwa hujazoea bado uzito ulioupakia. Injini imepoa, kichwa bado kiko mjini, na chini kule Mbalizi kuna bodaboda, daladala na watu wanaovuka. Barabara ile imeshaua wengi. Ukiwa bado juu, weka gia nzito kabla ya kuanza kushuka, injini ikushikie gari, na breki uikanyage kidogo kidogo. Ukiilalia breki ya upepo mwanzo mwisho, ngoma zinapata moto na hazishiki tena. Njia ya Kyela ni hivyo hivyo, ila ni ndefu zaidi: kutoka Tukuyu mpaka kule karibu na ziwa unashuka zaidi ya mita 1,000, na Rungwe mvua na ukungu haviishi. Anayeweka nyutro pale ili aokoe mafuta, usipande gari lake hata kama ni rafiki yako.

Mizani nayo ina mtego kwa sisi tunaoshusha vituo vingi. Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki inayotumika kwetu tangu Machi 2019 inaangalia kila kundi la ekseli, yaani vyuma vinavyobeba matairi, haiishii kwenye jumla. Ukishusha safu za nyuma kabisa Rujewa, uzito uliobaki mbele unaikandamiza zaidi ekseli ya kichwa kinachovuta tela, na mizani ya Makambako inaweza kukushika wakati jumla yako imepungua. Panga kwa kufuata vituo ukiwa bado kiwandani, hata kama foklifti inakusubiri.

Foleni ya Tunduma unaijua tayari, na utaikuta hata kama hauvuki mpaka. Msimu wa mpunga na kahawa ukiiva na watu wakashika hela ya kunywa, halafu Desemba, gari halilali, na hapo uchovu ndio unaokaribisha ajali.

Sasa swali lako. Kama umechoka kukaa wiki nzima Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, na una watoto wadogo, ichukue. Mimi ningeichukua. Lakini kabla ya kusaini mkataba muulize bosi mambo mawili, na akujibu kwa maandishi: shoti ya chupa tupu analipa nani, na je, dereva anaruhusiwa kukataa kupakia usiku?