Kabla hamjaingia kuona echingi za Kollwitz

Wadogo zangu mnaoanza kusomea uchapaji wa picha, mkijaliwa kufika kwenye maonyesho ya Käthe Kollwitz, msanii wa Kijerumani, iwe Berlin au Köln ambako kuna makumbusho yake, msikimbilie maandishi ya ukutani. Tazameni kwanza ukingo wa picha.

Mimi nilijifunza hilo kwa kukosea. Nilisimama mbele ya Uasi wa Wafumaji, mfululizo wa picha sita aliokamilisha 1897, nikaandika daftarini kwamba zote ni echingi, yaani picha zinazochapwa kwa bamba la metali ambalo mistari yake imechimbwa kwa asidi. Kumbe tatu za mwanzo ni litografia, zilizochorwa kwa mbinu ya jiwe; echingi ni tatu za mwisho. Mwalimu wangu alinirudisha ukumbini, akaniambia nichungulie karatasi kwa ubavu. Bamba la shaba likipita kwenye mashine hukandamiza karatasi yenye unyevu, na kingo zake huacha bonde jembamba kuzunguka picha. Kama fremu haijalifunika, mtaliona.

Halafu kaeni na picha moja. Mimi ningechagua Uwanja wa Vita, ya 1907, kutoka mfululizo wa Vita vya Wakulima. Ni usiku, mama ameinama na taa katikati ya maiti, anamtafuta mwanawe. Karibu kila kitu ni giza, ila mkono wake na uso wa kijana aliyelala. Sogeeni mpaka muone giza lile limetengenezwa na nini: mistari iliyoliwa na asidi, mikwaruzo ya msasa, alama za karatasi iliyobonyezwa kwenye nta laini iliyopakwa juu ya bamba. Bamba likikaa zaidi kwenye asidi, mstari huzama na kubeba wino mwingi. Hakuna weusi uliokuja wenyewe pale.

Taa za ukumbini huwa hafifu kwa sababu mwanga huharibu karatasi. Vumilieni, macho yatazoea.

Mbele ya Mwanamke na Mtoto Aliyekufa, ya 1903, mimi hushindwa kuandika chochote. Alijichora kwenye kioo akiwa amempakata mwanawe Peter, mwenye miaka saba. Peter aliuawa vitani 1914.

Mkikuta chapa mbili za majaribio za bamba moja zimetundikwa pamoja, ahirisheni mengine yote. Chukueni penseli, mchore alichokifuta kati ya ya kwanza na ya pili.