Barua kwa mwanangu: hiyo "sawa" uliyojibiwa

Mwanangu mpenzi,

Meseji yako ya jana usiku niliisoma kwenye daladala natoka zamu, nikasema hii siijibu juu juu, acha nikae niandike. Unasema mko sita, prezentesheni ni Alhamisi, dakika 15, uligawa kazi kwenye grupu la WhatsApp wote wakajibu "sawa" na dole gumba, na mpaka jana Jumapili hakuna aliyeleta kitu zaidi yako, sasa unaniuliza ulikosea wapi.

Kugawa uligawa vizuri, tatizo ni hiyo sawa. Mimi naanza unesi niliwahi kumwambia mwenzangu wakati wa kupokezana zamu, yule mama wa kitanda cha nne asile kitu, ana operesheni asubuhi, akanijibu sawa huku anafunga aproni, nikaondoka. Asubuhi narudi namkuta mgonjwa ana kikombe cha uji mkononi kimeshafika nusu. Operesheni ikaahirishwa, yule mama alilia sana, na mwenzangu akaapa alisikia kitanda cha tano, na kweli wa kitanda cha tano ndo alilala njaa. Toka siku ile nikimwambia mtu jambo namwomba anirudishie kwa mdomo wake, nani, nini, saa ngapi.

Kwenye upasuaji siku hizi ndo utaratibu. Kuna orodha ya kukagua usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilitoka 2008, ina vipengele 19, kimojawapo kila aliyemo chumbani anataja jina na kazi yake kabla kisu hakijagusa ngozi. Waliijaribu kwenye hospitali nane za nchi mbalimbali, moja hapa kwetu Tanzania, Ifakara, vifo vya waliopasuliwa vikashuka toka asilimia 1.5 hadi 0.8. Madaktari bingwa wanatajiana majina, sembuse nyie mnaofahamiana kwa profile picha tu.

Kwa hiyo kesho waite muonane ana kwa ana, hata hapo kantini, nusu saa inatosha. Usiwasomee majukumu, kila mmoja aseme mwenyewe, mimi nafanya hiki, naleta Jumatano saa sita mchana, nampa fulani aweke kwenye slaidi. Wewe andika alivyosema ndo urushe kwenye grupu. Na yule asiyeonekana online usimtagi mbele ya wenzake, mpigie, unaweza kukuta hana bando wiki nzima na anaona aibu kusema, boom, hela yenu ya mkopo, likichelewa najua hali inavyokuwa.

Jumatano jioni mfanye mazoezi mmesimama, mmoja ashike saa. Dakika 15 kwa watu sita ni mbili na nusu kila mtu, na hapo hamjaacha ya maswali, kwa hiyo semeni mbili mbili, anayezidisha mumkate hukohuko mazoezini. Kupokezana ndo makundi mengi yanapoharibikia, mtu anamaliza anasema "ni hayo tu" halafu wanaangaliana nani anafuata. Amalizie kwa kumtaja anayefuata na anachokuja kueleza, kama sisi tunavyokabidhi wodi.

Nimekutumia elfu kumi, weka bando ukawapigie hao wasioonekana online. Jumatano natoka saa mbili usiku, nipigie unisomee sehemu yako, na mimi nitakurudishia nilichoelewa.

Mama yako