Usikimbilie rangi: kwa anayeanza kujenga hotirodi yenye injini ya kisasa

Ukiingia gereji inayojenga hotirodi huku Marekani, yaani gari la zamani lililopunguzwa uzito na kupewa injini yenye nguvu, macho yanakimbilia injini. Vijana wengi wanaokuja kujifunza kazi hii huanzia hapohapo: ni ya lita ngapi, ina nguvu za farasi ngapi. Nami naipenda injini nzuri kama wao. Lakini mdogo wangu, injini ndiyo sehemu iliyokujia ikiwa imekamilika. Waliopiga hesabu zake walizimaliza kiwandani. Kilichobaki mikononi mwako ni vyote vinavyoizunguka: inakaa wapi, inapozwa na nini, inapata wapi mafuta na umeme, nguvu yake inafikaje kwenye matairi, na gari litasimamishwa na nini. Vyote hivyo vinagombea nafasi moja finyu, na huwezi kujua kipi kitagusa kipi mpaka uvipachike vyote. Ndiyo maana nasema hotirodi hujengwa mara mbili. Mara ya kwanza likiwa chuma tupu, bila rangi, mpaka liwake na litembee barabarani. Mara ya pili linafumuliwa, linapakwa rangi, kisha linafungwa kwa kudumu.

Nichukue mfano wa Ford ya 1932, kwa sababu kazi hii nzima imezaliwa humo. Mwaka ule Ford waliweka V8, injini ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, kwenye gari la bei ya watu wa kawaida: lita 3.6, farasi 65. Vijana wa California walizinunua zikiwa zimeshatumika, wakavua madigadi na kila chenye uzito usio na kazi, wakaenda kupimana mwendo kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc. Mwaka 1937 klabu zao ziliungana kuunda SCTA, chama cha kupima mwendo cha Kusini mwa California, ili mbio ziwe na kanuni. Chevrolet walipotoa V8 yao ndogo ya lita 4.3 mwaka 1955, watu hawakusita kung'oa injini ya Ford na kuweka ile. Kwa hiyo anayekwambia kwamba injini mpya inaharibu asili ya hotirodi, mkumbushe kuwa kubadilisha injini ndiyo asili yenyewe.

Siku hizi injini inayotawala ni familia ya LS ya General Motors. LS1 ilitoka na Corvette ya 1997: lita 5.7, bloku ya aluminiamu, farasi 345. Anayeanza simshauri aitafute hiyo. Tafuta ndugu yake wa lita 5.3, aliyefungwa kwenye pikapu za Chevrolet na GMC kuanzia 1999. Nyingi zina bloku ya chuma, kwa hiyo ni nzito zaidi, lakini yadi za magari yaliyogongwa zimejaa hizo, bei yake inabebeka, na gari jepesi namna hii halihitaji zaidi. Inunue ikiwa na kila kitu chake: giaboksi, waya zote bila kukatwa, kontroboksi (kompyuta ya injini), pedali ya mafuta, alternata, sensa. Vitu hivyo ukivifuata kimoja kimoja baadaye, jumla yake itazidi bei ya injini. Na kabla hujatoa pesa, itazame sensa ya krenki. Kwa kawaida nyeusi inaenda na gurudumu la meno 24 kwenye krenki, ya kijivu na la meno 58. Kontroboksi ya kizazi kimoja haisomi krenki ya kizazi kingine, na injini haitawaka hata uibembeleze vipi.

Sasa upachikaji. Usianze na injini. Anza na urefu wa gari kutoka ardhini: funga matairi na springi utakazotumia kweli, au simamisha fremu kwenye stendi kwa urefu uleule na mwinamo uleule, kisha weka bodi juu yake. Hapo ndipo injini inashushwa. Ukipata bloku iliyokufa itumie kupimia, maana utaishusha na kuipandisha mara nyingi. Sampu ya pikapu, lile bakuli la oili chini ya injini, ni ndefu kwenda chini, kwenye gari lililolala itakuwa kitu cha kwanza kugonga tuta. Wengi huweka ya Camaro, gari la michezo la Chevrolet. Alternata ya pikapu imekaa juu na pembeni, nayo boneti nyembamba ya Ford haiimezi. Shafti ya usukani inataka kupita palepale bomba la ekzosi linapotaka kushuka. Feni inataka nafasi mbele, giaboksi inataka sakafu ikatwe. Usichomelee maunti (kishikio cha injini) hata moja mpaka vyote hivi viwe mahali pake, vimeshikizwa kwa nukta tu.

Fremu yenyewe ilichorwa kwa farasi 65. Mihimili yake ya pembeni iko wazi upande wa ndani, na chini ya injini ya leo itajisokota. Dawa yake ni kuifunga kwa bati nene la milimita tatu hivi. Hapa subira inahesabika kuliko ustadi wa mkono: chomelea kipande kifupi mbele kushoto, kifupi nyuma kulia, acha ipoe, rudi. Ukivuta mshono mmoja mrefu, joto litaivuta fremu. Pima mshazari kona kwa kona kabla ya kuanza, katikati ya kazi, na ukimaliza.

Kuna jambo moja ambalo naona halipewi uzito wake, nalo ni pembe za propela shafti, ile inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu kwenye ekseli ya nyuma. Uso wa nyuma wa giaboksi na uso wa mbele wa difu vinatakiwa viwe sambamba, tofauti isizidi digrii moja, huku kila krosi (kiungo kinachokunjika mwishoni mwa shafti) ikifanya kazi kwenye pembe ndogo, chini ya digrii tatu lakini isiwe sifuri kabisa, kwa sababu krosi isiyotembea hula beringi zake mahali pamoja. Ukikosea, gari litatetemeka kwa kasi fulani, na utabalansi matairi mpaka uchoke bila kupata chanzo. Pima kwa kipimo cha pembe gari likiwa limesimama kwa uzito wake kwenye matairi. Ekseli ya nyuma ya Ford ya inchi 9, iliyotengenezwa kuanzia 1957, bado inapendwa kwa kazi hii: ni ngumu, na vipuri vyake vipo kila kona.

Wengi wenu mnaotoka gereji za nyumbani mmeshabadilisha injini. Aliyewahi kuitoa Land Rover ya zamani injini yake na kuiwekea 1HZ, injini ya dizeli ya Toyota, anajua maunti, anajua kukata na kuunga propela, anajua kuisikiliza difu. Ujuzi huo ni mali na usiudharau. Lakini 1HZ pampu yake ni ya kimekaniki. Ukiipa dizeli na umeme wa kufungulia dizeli, inaunguruma. LS haikubali mambo hayo. Kontroboksi inataka kujua krenki iko wapi, hewa ni kiasi gani, joto ni kiasi gani, na pedali imekanyagwa kiasi gani, na taarifa mbaya moja inatosha kuivuruga. Kwa hiyo umeme ndio utakaokufundisha upya kazi.

Anza na erthi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Ford ya 1932 ilikuwa ya volti 6, na chanya ndiyo iliyofungwa kwenye fremu. Yote hayo yanaondoka, unaweka volti 12 na hasi kwenye fremu. Kisha waya nene kutoka betri hadi bloku, nyingine bloku hadi fremu, nyingine fremu hadi bodi, kila mahali chuma kikwanguliwe mpaka king'ae. Na kama bodi yako ni ya fiberglasi, ikumbuke kila taa, maana fiberglasi haipitishi umeme: kila kifaa kinahitaji waya wake wa kurudi. Bodi mpya za chuma zipo, Brookville wa Ohio wanazitengeneza, ila bei yake ni ya kujipanga. Kontroboksi iliyotoka kwenye pikapu bado inausubiri ufunguo wa gari lake la zamani. Mfumo huo wa kuzuia wizi lazima uzimwe kwa programu, la sivyo injini itawaka sekunde chache na kuzima. Waya wa sensa ya oksijeni uwe mbali na ekzosi, na kusiwe na tundu lolote la ekzosi kabla ya sensa hiyo, kwa sababu hewa ya nje itakayoingia pale itaidanganya kompyuta.

Mafuta: pampu ya zamani ya kabureta inatoa shinikizo dogo mno. Injekta za LS zinataka paundi 58 kwa inchi ya mraba, yaani bar 4. Mpira wa kawaida wa mafuta usiuguse. Tumia ule uliotengenezwa kwa shinikizo hilo, na ufungwe mbali na ekzosi. Tangi nalo liwe na kuta ndani kuizunguka pampu, ama sivyo kwenye kona mafuta yatakimbilia upande na pampu itavuta hewa.

Kwenye maji kuna kimoja tu cha kukazania. Vichwa vya LS vina vitundu vidogo juu vya kutolea mvuke. Usivizibe vya mbele. Vivute kwa mrija mwembamba hadi sehemu ya juu ya rejeta au tangi la akiba. Ukiviziba, mvuke unabaki kichwani, geji inaonyesha salama, na chuma kinaungua.

Breki za Ford ile zilikuwa za fimbo, bila oili. Ford walihamia breki za oili mwaka 1939. Weka disiki mbele. Lakini masta silinda kwenye hotirodi nyingi hukaa chini ya sakafu, chini kuliko kalipa, kwa hiyo oili inarudi nyuma na pedali inazama. Kinachozuia ni valvu ndogo ya kubakiza shinikizo: paundi 2 kwenye laini ya disiki, paundi 10 kwenye laini ya ngoma. Usizibadilishe nafasi, disiki zikishikiliwa na paundi 10 zitawaka moto.

Siku ya kuiwasha, ng'oa fyuzi ya pampu ya mafuta kwanza, zungusha injini kwa stata kwa vipindi vifupi mpaka geji ya oili ipande, ndipo urudishe fyuzi. Kizimia moto kiwe karibu na mtu wa kukishika awepo. Likitulia, liendeshe hivyohivyo likiwa na kutu na alama za chaki. Kilomita mia chache zinatosha kukuonyesha bolti inayolegea, mrija unaosugua, na mlango unaogoma kwenye matuta. Kila tundu litobolewe sasa, kila kibano kichomelewe sasa, hata cha waya wa taa ya namba.

Halafu fumua. Piga picha kila hatua, bolti za kila sehemu zikae mfuko wake wenye jina. Na kabla bodi haijaenda rangini, pima mianya ya milango na boneti ukijua kwamba praima, rangi na vanishi vitaongeza unene pande zote mbili za kila mwanya. Mwanya unaobana likiwa bati tupu, ufungue wakati huo.