Barua kwa mwanangu: mkono unaotetemeka ukishika wembe

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma, na pale unaposema kwamba ukiusogeza wembe wa kukunja shavuni mkono unaanza kutetemeka, ukauweka chini na kumalizia kwa kiwembe cha plastiki, nimeparudia tena. Umeuliza kama woga huo huisha, au ndiyo dalili kwamba wembe huu haukufai.

Huisha. Ila hauishi kwa kujikaza, na wala usingoje uishe ndipo uanze kunyoa. Punguza kazi mpaka iwe ndogo kuliko woga wenyewe.

Kwanza ujue kwamba hakuna mkono usiotetemeka. Kila mtu ana mtetemo mdogo, kama mara 8 hadi 12 kwa sekunde, ambao kwa kawaida hauonekani. Ukiogopa, mwili unamwaga adrenalini kwenye damu, na mtetemo uleule unakua hadi unauona kwa macho. Kahawa huuongeza, njaa pia, na usiku wa kukosa usingizi ndiyo usiseme. Lakini kwako nashuku zaidi vidole. Msuli uliokazwa muda mrefu huchoka, na ukichoka hutetemeka. Unaogopa wembe usikuponyoke, kwa hiyo unaukaba, na kule kuukaba ndiko kunakoutikisa.

Basi ushike hivi. Ufungue mpaka mpini uinuke juu, mbali na uso. Vidole vitatu vilale juu ya shingo ya wembe, pale chuma kisipo na makali. Kidole cha mwisho kikae kwenye kimkia kilichopinda. Dole gumba litegemeze kwa chini. Nguvu ya vidole isizidi ile unayotumia kushika kalamu. Wembe wenye makali hauhitaji kukandamizwa, uzito wake unatosha.

Halafu hapa ndipo ninapotaka utulie usome. Mkono hutetemeka zaidi ukiwa unaelea hewani. Kwa hiyo usiulete wembe usoni makali yakiwa yametangulia. Ulaze bapa shavuni, ubavu wote wa chuma uguse povu. Utashangaa jinsi mkono unavyotulia mara chuma kinapopata pa kuegemea. Hapo vuta pumzi, inua mgongo wa wembe taratibu mpaka upate kama nyuzi 30, kisha wakati unaitoa pumzi ndipo ushushe wembe, sentimita 2 au 3 tu. Inua, pumua, laza tena. Pembe ikizidi sana, wembe unakwangua na kukata. Ikipungua mno, unavuta ndevu.

Mkono wa pili nao usilegee. Ukaushe kwa taulo, uweke vidole upande wa juu wa sehemu unayonyoa, uvute ngozi kuelekea juu mpaka inyooke. Ngozi iliyolegea hujikunja mbele ya makali, na majeraha mengi huanzia hapo.

Sasa hiyo kazi ndogo. Kwa wiki ya kwanza nyoa shavu moja tu, kutoka usawa wa sikio hadi kwenye taya, kwa kufuata ndevu zinakoelekea. Ukifika hapo komea, uso uliobaki malizia na kiwembe chako, bila aibu yoyote. Shavu likishakuwa jambo la kawaida, ongeza la pili, kisha shingo. Kidevu na mdomo wa juu viache mwisho, maana pale mifupa inapinda na ngozi haivutiki vizuri. Kunyoa kinyume cha ndevu kusubiri kwanza. Wapo wanaoshauri unyoe harakaharaka kabla woga haujakupata, usiwasikilize.

Kioo nacho huchanganya mkono. Siku chache za mwanzo chukua kichana, upitishe juu ya povu kwa njia zilezile utakazopita na wembe, kwa mkono wa kulia na wa kushoto, mpaka mkono uizoee njia.

Nyoa baada ya kuoga, ndevu zikiwa zimeloa maji ya moto kwa dakika 2 au 3, na povu liwe zito, lenye majimaji. Funga mlango ili mtu asikugonge kiwiko. Wembe usiutelezeshe kamwe kwa kufuata urefu wa makali yake, hata kidogo, maana hapo ngozi inapasuka. Ukikuponyoka, usiudake: rudisha miguu nyuma, uache uanguke. Ukijikata, weka wembe chini kwanza, osha kwa maji baridi, bana kwa kitambaa safi, halafu pitisha shabu iliyoloweshwa, lile jiwe la kukausha damu.

Makali yenyewe nayo uyaangalie. Nyembe nyingi mpya hazijanolewa za kutosha kunyolea uso, na wembe butu humfanya mtu akandamize, naye akikandamiza anaogopa kwa haki. Mpe mtu anayejua kunoa aumalizie. Baada ya hapo wewe kazi yako ni kuupitisha kwenye mkanda wa ngozi kabla ya kila kunyoa, ili makali yanyooke: mgongo utangulie, makali yafuate, na ukifika mwisho ugeuze kwa kuviringisha juu ya mgongo. Polepole.

Jambo moja sikupata kwenye barua yako. Je, mkono unatetemeka hata ukishika kikombe au ukiandika? Kama ndivyo, acha wembe huu kwa sasa uende kwa daktari. Na ukitumia dawa ya pumu ya kuvuta, baadhi yake hutetemesha mikono kwa muda. Usinyoe mara tu baada ya kuivuta.

Shavu la kwanza likishanyolewa, niandikie. Unieleze kama wembe ulikuwa unateleza au unavuta ndevu, ndipo nitajua kama tushughulike na mkono au na makali.

Baba yako