Usiziruke Salamu: Namna ya Kusoma Barua za Askari Aliyengoja Vita

Nilipoanza kujitolea kunakili kwenye kompyuta barua za askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa kuanzia 1861 hadi 1865, nilitarajia moshi wa mizinga, nami nikakutana na soksi. Askari aliomba soksi, akauliza habari za ng'ombe, akalalamikia mkate, akaaga. Kwa miezi mingi nilizinakili kurasa hizo harakaharaka ili nizifikie zenye mapigano, na ninaandika haya ili anayekusudia kuanza kazi ya namna hii, au aliye na kopo la barua za marehemu baba yake uvunguni mwa kitanda, asipoteze muda kama nilivyoupoteza mimi.

Kabla ya kusoma hata mstari mmoja, weka kalenda na ramani kando ya barua. Chukua mfano wa barua zilizoandikwa Falmouth, Virginia, mwishoni mwa Novemba 1862. Jenerali Ambrose Burnside, ambaye alikuwa ndiyo kwanza amekabidhiwa jeshi la Potomac la upande wa Kaskazini, alikusudia kuvuka mto Rappahannock na kuutwaa mji wa Fredericksburg kabla adui hajajipanga. Kikosi chake cha mbele kilifika tarehe 17, wakati mji ulikuwa na walinzi wachache tu, lakini madaraja yalikuwa yamevunjwa, na mashua za kutandikia madaraja ya muda zilichelewa kwa sababu ya amri zilizopishana. Wakakaa kungoja. Walipokuwa wakingoja, jeshi la Jenerali Robert E. Lee wa upande wa Kusini liliwasili na kupanga mizinga juu ya vilima vya nyuma ya mji, ng'ambo ya mto. Askari wa Burnside walivuka tarehe 11 Desemba. Tarehe 13 wakapelekwa kikosi baada ya kikosi kuuelekea ukuta wa mawe chini ya kilima, na katika mapigano hayo Kaskazini ikapoteza watu zaidi ya 12,000, waliouawa, waliojeruhiwa na wasioonekana.

Sasa rudi kwenye barua. Niliwahi kunakili moja ya siku zile za kungoja, ambayo karibu ukurasa mzima ulieleza ujenzi wa dohani ya kibanda: vijiti vilivyopangwa na kukandikwa udongo, na juu yake pipa lililotolewa kitako ili moshi upite. Niliiona barua ya kuchosha kupita zote. Ilinichukua muda kutambua kwamba mtu hahangaiki na dohani mahali anapotarajia kuondoka kesho. Aliyekandika udongo ule alikuwa akiomba barabara zizibwe na matope na vita viahirishwe hadi baridi itakapokwisha, ila hakuthubutu kumwandikia mkewe maneno hayo.

Chakula nacho kisome kwa jicho hilohilo. Posho ilikuwa biskuti ngumu za unga na maji, tisa au kumi kwa siku, ambazo wengi walizivunja kwa kitako cha bunduki. Zikitumbukizwa kwenye kahawa ya moto, fukusi walielea juu, wakaenguliwa kwa kijiko, kahawa ikanywewa. Mshahara wa askari wa kawaida ulikuwa dola 13 kwa mwezi, na mara nyingi ulichelewa kwa miezi, kwa hiyo anayeuliza mara tatu katika barua moja kama kuni zipo nyumbani huenda anaona haya kwamba hajatuma kitu.

Jambo ninalotaka kulikazia zaidi ni salamu. Barua nyingi mno zinaanza kwa maneno yaleyale: nashika kalamu kukujulisha kuwa mimi ni mzima, nikitumaini mistari hii michache itakukuta nawe u mzima. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa, kwa kuwa sisi wenyewe tumelelewa na "hali yangu ni njema, hofu ni kwako wewe uliye mbali." Nilikuwa nikiziruka kama ninavyoziruka zetu. Lakini katika vita vile, kati ya kila askari watatu waliokufa, takriban wawili waliuawa na maradhi: kuhara, homa ya matumbo, na surua iliyowakumba vijana wa mashambani ambao hawakuwahi kuiugua utotoni. Katika kambi ya namna hiyo, "mimi ni mzima" ndiyo habari kubwa ya juma zima. Salamu ikipunguzwa hata neno moja, simama, uilinganishe na za barua zilizotangulia.

Usitarajie chuki kila mahali. Walinzi wa pande mbili za Rappahannock walibadilishana kahawa ya Kaskazini na tumbaku ya Kusini kwa vijimashua vya kuchonga, ingawa maofisa walikataza. Hata hivyo, huruma isikupofushe: utumwa ndio ulioleta vita vile, na mto huohuo ulivukwa na watumwa waliokimbilia kambi za Kaskazini, akiwemo John Washington, aliyevuka Aprili 1862 na baadaye akaandika kumbukumbu zake mwenyewe. Katika barua nyingi za askari, watu kama yeye hutajwa kama mpishi au mfuaji nguo tu, bila jina. Hapo pia simama.

Kuhusu mwandiko sina mengi. Wapo waliobana karatasi kwa kuandika mlalo, kisha wakaigeuza na kuandika tena juu ya mistari ileile. Isome kwa sauti, na tahajia mbovu itajieleza yenyewe.

Baba yangu alikuwa miongoni mwa askari waliokaa kando ya mto Kagera mwishoni mwa 1978, daraja la Kyaka likiwa limevunjwa na majeshi ya Idi Amin. Barua yake ya wakati huo, niliyoirudia baada ya miaka mingi, haitaji adui hata mara moja; inauliza kama mabati ya jikoni yameshapigiliwa, maana mvua i karibu. Mama alimjibu kwamba yamepigiliwa na jiko halivuji. Nilipomuuliza mwaka jana, aliniambia kuwa mabati yale yalibaki yameegemezwa ukutani mpaka baba aliporudi akayapigilia mwenyewe.