Barua kwa Mwanangu: Taji la Wareno wa Gloucester

Mwanangu Neema,

Salamu zako nimezipata, nami ni mzima. Umeniuliza inakuwaje mimi, Mkatoliki niliyelelewa Tanga, nifuate maandamano ya sikukuu ya Roho Mtakatifu ya Wareno wa hapa Gloucester nyuma ya mtu wa kawaida aliyevikwa taji kanisani, na kama huko si kumwabudu binadamu. Umeuliza pia ni nani anayelipia chakula kinachogawiwa bure siku hiyo. Maswali yote mawili yana jibu moja, nalo ni nadhiri.

Wareno wa hapa wengi asili yao ni Azores, visiwa vya Ureno katika Bahari ya Atlantiki, na kilichowavuta pwani hii ya Massachusetts, Marekani, ni uvuvi. Husimuliwa kwao kwamba Malkia Isabel wa Ureno, aliyefariki mwaka 1336, mke wa Mfalme Dinis, alimwahidi Roho Mtakatifu taji lake iwapo watu wake wangeokolewa na njaa, na njaa ilipoondoka akamvika maskini taji hilo na kuwaandalia mafukara karamu. Kwa hiyo anayevikwa leo hasujudiwi na mtu yeyote. Amesimama mahali pa yule maskini. Padre humvika, sala husomwa, kisha taji huvuliwa na kurudi mahali pake.

Hapa Gloucester nadhiri hiyo ilipata sababu ya karibu zaidi. Mwaka 1900 jahazi la uvuvi la nahodha Joseph Mesquita, liitwalo Mary P. Mesquita, liligongwa baharini na meli kubwa ya abiria, Saxonia, likazama. Katika hatari ile nahodha aliweka nadhiri kwamba akinusurika ataanzisha sherehe ya taji mjini kwake kama ifanywavyo visiwani. Akanusurika, taji likaagizwa kutoka Ureno, likabarikiwa na Papa Leo XIII, na mwaka 1902 watu wakaliona likivikwa kwa mara ya kwanza katika Kanisa la Mama Yetu wa Safari Njema. Jengo la wakati ule liliungua mwaka 1914. Hili la sasa lina minara miwili, na katikati yake amesimama Bikira Maria aliyepakata jahazi mkononi kama mtoto. Wewe uliyekulia mji wa wavuvi huhitaji kuelezwa kwa nini.

Ukiliona taji lenyewe kwa karibu utaona tao zake zinakutana juu, na juu kabisa ametua njiwa aliyekunjua mabawa, alama ya Roho Mtakatifu. Kwa desturi ya Azores, tangu Pasaka hadi Pentekoste taji hukaa kwa zamu katika nyumba za waumini, wiki baada ya wiki. Mwenye nyumba hulitengenezea madhabahu ya maua na mishumaa sebuleni, na jioni majirani huja kusali rozari, kisha hukirimiwa. Mama mzee ninayemhudumia husema kulipokea taji ni gharama kuliko harusi, na hulisema hilo kwa fahari tupu.

Hapo ndipo penye jibu la chakula. Analipa aliyeweka nadhiri, wakimsaidia ndugu na wanachama wa chama cha sherehe hii: mmoja hutoa nyama, mwingine unga wa mkate mtamu, mwingine nguvu zake jikoni. Nyama ya ng'ombe huchemshwa polepole kwa divai, mdalasini na kabichi, kisha supu humiminwa juu ya vipande vya mkate vilivyotandikwa majani ya nanaa, hadi mkate ulowe kabisa. Bakuli hilo haliuzwi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ilipo sikukuu yenyewe, na watalii wanaopiga picha za maandamano kisha wakaondoka kabla ya chakula wameikosa.

Umeuliza pia kama wewe, usiye Mreno, utakaribishwa. Anayefika hulishwa, bila kuulizwa dini wala kabila. Ukipata ruhusa ya kazini njoo wakati wa Pentekoste, na usishibe nyumbani kwanza, kwa maana kukataa bakuli la pili mbele ya wazee hawa ni jambo gumu mno kulieleza.

Mama yako