Fundi wa mashine hospitalini Marekani: anza na kipimo cha damu cha TB

Mkuu, umeuliza kwa nini kampuni iliyokuajiri huko Texas inakudai vyeti vya chanjo wakati wewe ni fundi wa mashine za usingizi na mgonjwa humgusi. Mimi ni fundi wa ultrasound, Ohio, na hayo yote nimeyapitia. Utaingia hadi chumba cha upasuaji, na korido utakayopita ndiyo anayopitishwa mgonjwa wa saratani ambaye kinga yake imeisha. Wana haki ya kukukagua.

Kinachotukwamisha sisi wa Afrika Mashariki ni TB. Tulichomwa BCG, chanjo ya TB, tukiwa wachanga, hivyo kile kipimo cha sindano chini ya ngozi kinaweza kuvimba hata kama huna maambukizi. Mimi mkono ulivimba, nesi akapima kwa rula akaandika "chanya", nikapelekwa kupiga picha ya kifua. Kifua kilikuwa safi, lakini kazi ilisimama muda wote huo. Waambie mapema kwamba una BCG, uombe kipimo cha damu, QuantiFERON au T-SPOT. BCG haikivurugi, na CDC wenyewe, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, wanakipendekeza kwa waliochanjwa. Toa damu hiyo kabla ya chanjo ya surua au tetekuwanga, au siku ileile. Ukitanguliza chanjo, utasubiri angalau wiki 4.

Kadi ya kliniki ya utotoni usihangaike kumtafutisha mama nyumbani. Kinga ya surua, rubela, matumbwitumbwi na tetekuwanga hupimwa kwenye damu. Ikikosekana, unachomwa dozi 2 zinazopishana wiki 4. Chanjo ya homa ya ini B ianze leo: ya dozi 3 huchukua miezi 6, ila iitwayo Heplisav-B ni dozi 2 ndani ya mwezi mmoja.

Rekodi ya uhalifu, kipimo cha dawa za kulevya na mafunzo ya HIPAA, sheria ya Marekani ya siri za wagonjwa, ni mepesi. Majina yako matatu tu yafanane kila karatasi, maana mfumo ukiona tofauti unakukataa.

Hospitali nyingi husajili mafundi wa nje kama sisi kupitia kampuni kama symplr, kwa ada ya mwaka. Mwambie mwajiri ailipe. Kila hospitali ina orodha yake, kwa hiyo ukishapangiwa ya kwanza, andika hapa inatumia mfumo gani nikuelekeze pa kupakia vyeti.